Kinachoponya katika tiba ya mazungumzo: jibu kwa mwalimu wa Tanga

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Tanga. Kaka yangu alifariki kwa ajali ya pikipiki yapata miaka miwili iliyopita, na tangu hapo silali vizuri, sipiti tena barabara ile, na darasani akili huwa haipo. Daktari alinielekeza kwa mshauri wa saikolojia, nimeshakwenda mara tatu. Huyu hunipa kazi za kuandika nyumbani kama mwanafunzi, ilhali mwalimu mwenzangu aliyetibiwa kwingine anasema yeye alisimulia utoto wake tu na akapona. Shangazi naye anasema hizo elfu thelathini za kila wiki ningebaki nazo, nikakaa na wazee wakaniliwaza bure. Je, vyuo vikuu vimechunguza kinachoponya hasa katika tiba hii? Na nitajuaje kama niendelee au niache?

Jibu: Mwalimu, pole sana kwa kuondokewa na kaka. Naomba nianze na shangazi, kwa sababu hoja yake ina historia ndefu kuliko anavyodhani. Mwaka 1952 Hans Eysenck, mwanasaikolojia aliyekuwa akifanya kazi London, alichapisha makala fupi ambayo iliwakera wenzake kwa miongo kadhaa. Alikusanya taarifa za tafiti 24 zilizohusu wagonjwa zaidi ya 7,000 waliosumbuliwa na wasiwasi, huzuni na maradhi ya jamii hiyo, akaeleza kwamba waliotibiwa kwa mtindo wa Freud, ule wa kuchimba utoto na mawazo yaliyofichika, walipata nafuu kwa asilimia 44, waliopata tiba za kuchanganya mitindo asilimia 64, na wale walioangaliwa na daktari wa kawaida au kutunzwa hospitalini bila tiba maalumu ya mazungumzo, asilimia 72. Yaani, kwa hesabu yake, mtu akiachwa na muda wake ana nafasi nzuri ya kupona kuliko akimlipa mtaalamu. Shangazi angempenda.

Hesabu ile ilikuwa na kasoro kubwa, kwa kuwa makundi yaliyolinganishwa hayakuwa ya watu wa hali moja, na kila mtafiti alikuwa na tafsiri yake ya neno "nafuu". Hata hivyo Eysenck aliwalazimisha wataalamu kuulizana swali ambalo hadi leo ndilo msingi wa utafiti huu: nafuu, ikilinganishwa na nini? Mtu kwa kawaida huenda kwa mtaalamu siku alizoelemewa kupita kiasi, na hali iliyokwisha kufika chini kabisa mara nyingi hupanda kidogo yenyewe. Kwa hiyo ushuhuda wa mwalimu mwenzako kwamba alisimulia utoto wake akapona, ingawa sina sababu ya kuutilia shaka, hauwezi kutuambia kama kilichomponya ni kule kusimulia, au ni miezi iliyopita, au ni mtu aliyekuwa akimsikiliza. Ili tujue, lazima liwepo kundi la pili la watu wenye shida ileile, waliopangwa humo kwa bahati nasibu, ambao kwa kipindi hicho hawakupata tiba ile.

Tafiti za namna hiyo zilianza kurundikana, na mwaka 1977 Mary Lee Smith na Gene Glass wa Chuo Kikuu cha Colorado walichukua matokeo ya tafiti 375 wakayachambua kwa pamoja, kwa mbinu ya takwimu ambayo Glass ndiye aliyeipa jina. Kwa faida ya msomaji anayedhani watafiti hawana nafsi, Glass mwenyewe amewahi kueleza kwamba alikuwa amepata tiba hiyo, ikamsaidia, na maandishi ya Eysenck yalimuudhi. Walichokipata ni kwamba mgonjwa wa wastani aliyetibiwa alikuwa na hali bora kuliko takriban watatu kati ya kila wanne ambao hawakutibiwa. Tangu hapo swali la kama tiba ya mazungumzo inasaidia limebaki hai kwa wachache tu. Swali la inasaidia kwa kiasi gani ndilo ambalo limeendelea kupunguziwa majigambo.

Na limepunguziwa kweli. Mwaka 2015 kundi la watafiti, akiwemo Pim Cuijpers wa chuo kikuu cha VU cha Amsterdam, lilifuatilia majaribio ya tiba ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, yaliyokuwa yamelipiwa na serikali ya Marekani, likagundua kwamba karibu robo yake hayakuwahi kuchapishwa. Matokeo yaliyofichama kabatini yalipoongezwa kwenye yale yaliyochapishwa, nguvu ya tiba ilipungua kwa takriban robo. Mwaka 2021 Cuijpers na wenzake walikusanya majaribio 228 ya sonona wakahesabu ni wagonjwa wangapi waliopungukiwa na dalili kwa nusu au zaidi: kati ya waliotibiwa walikuwa asilimia 41, na kati ya walioendelea na huduma za kawaida tu walikuwa asilimia 17. Tofauti hiyo ni kubwa, wala hakuna daktari mwenye akili timamu angeidharau. Lakini ona pia kwamba zaidi ya nusu ya waliotibiwa hawakufika kiwango hicho, jambo ambalo matangazo ya huduma hizi hulipita kimyakimya.

Sasa nije kwenye daftari lako na utoto wa mwenzako. Mwaka 1936, kabla hata majaribio haya hayajaanza, Saul Rosenzweig alidokeza kwamba tiba zinazogombana vikali huenda zote zinafaulu kwa sababu ya mambo yaliyomo ndani ya kila moja yao, ambayo hakuna anayeyataja kwa kuwa kila mmoja anashughulika kutangaza lile linalomtofautisha na jirani. Lester Luborsky na wenzake walipolinganisha tafiti mwaka 1975 walifikia hitimisho linalofanana. Kisha serikali ya Marekani iligharimia jaribio kubwa la wagonjwa 250 wa sonona, ambalo matokeo yake yalianza kutoka mwaka 1989, likishindanisha tiba ya kurekebisha fikra na mwenendo, ambayo ndiyo yenye madaftari na kazi za nyumbani, na tiba inayoshughulikia mahusiano ya mgonjwa na watu wake. Waliotarajia bingwa mmoja hawakumpata, kwani kwa wagonjwa walio wengi tiba hizo mbili zilikwenda sambamba. Basi ikiwa mtu ana sonona ya kawaida, ubishi wa daftari dhidi ya utoto hauna uzito ambao watu wanaupa.

Wako wanaolivuta hitimisho hilo hadi mahali lisipofika, wakisema kwamba lolote litakalofanywa kwa upendo litatibu. Mimi sikubaliani nao. Mtu mwenye hofu ya kitu fulani, au anayeandamwa na kumbukumbu za tukio la kutisha, kwa kawaida haponi mpaka asaidiwe kukikaribia hatua kwa hatua kile anachokikimbia, na ukarimu wa mtaalamu hauwezi kushika nafasi ya hatua hizo. Msiba uliokwama nao unaelekea kuwa wa aina hii. Mwaka 2005 Katherine Shear na wenzake, wakiwa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, walitangaza jaribio lililolinganisha tiba mbili kwa watu ambao msiba wao ulikuwa umegoma kupoa: moja ni ile ya mahusiano niliyoitaja, ambayo kwa sonona inaheshimika sana, na nyingine ilitengenezwa kwa ajili ya msiba wa namna hiyo. Katika hii ya pili mgonjwa husimulia kifo chenyewe kwa sauti, jinsi habari ilivyomfikia na alichokiona, simulizi hurekodiwa, naye huenda nayo nyumbani akaisikiliza. Kisha hupanga kurudi kidogo kidogo mahali na shughuli alizoziacha. Katika tiba hii walioitikia walikuwa asilimia 51, na katika ile nyingine asilimia 28. Umeniandikia kwamba hupiti tena barabara ile. Siifahamu hali yako vya kutosha kusema msiba wako umekwama, hiyo ni kazi ya anayekuona ana kwa ana, lakini ikiwa mtaalamu wako anakupa kazi ya nyumbani inayogusa barabara hiyo, basi hajakufanya mwanafunzi. Huenda anakupa kile hasa chenye ushahidi kwa hali yako.

Ni yapi basi hayo yaliyomo ndani ya tiba zote? Lililochunguzwa kuliko yote ni ubia kati ya mgonjwa na mtaalamu. Mwaka 1979 Edward Bordin aliugawa mara tatu: kuna maelewano ya moyo, yaani kuaminiana na kuheshimiana, kuna kukubaliana juu ya kinachotafutwa, na kuna kukubaliana juu ya kazi zitakazofanywa ili kukipata. Watu wengi wakisikia neno ubia hufikiria lile la kwanza pekee, wakadhani mtaalamu mzuri ni yule mpole. La hasha. Unaweza kumpenda mshauri wako kama dada wa tumbo moja, na bado ubia ukawa mbovu kwa sababu yeye anatafuta urudi barabarani na wewe unatafuta usingizi, na hakuna kati yenu aliyelisema. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 na Christoph Flückiger na wenzake, uliokusanya tafiti 295 na wagonjwa zaidi ya 30,000, ulionyesha kwamba pale ubia unapokuwa imara matokeo nayo huelekea kuwa mazuri, na uhusiano huo unaeleza takriban asilimia 8 ya tofauti kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Kwa asiyezoea takwimu asilimia hizo ni kama tone, ila katika fani hii ni vigumu kupata jambo jingine moja ambalo mtaalamu anaweza kulishughulikia na lenye uzito zaidi ya huo. Wapo wanaohoji, tena kwa haki, kwamba pengine ni nafuu inayomfanya mgonjwa ampende mtaalamu, si kinyume chake. Tafiti zilizopima ubia na dalili wiki kwa wiki zinaonyesha kwamba vyote viwili hutokea, kimoja kikikisukuma kingine.

Lililonishangaza zaidi mimi, na ambalo baadhi ya wenzangu hawapendi kulisikia, ni lile la tofauti kati ya mtaalamu na mtaalamu. Bruce Wampold wa Chuo Kikuu cha Wisconsin ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba ndani ya tiba moja, kwa mwongozo uleule, wako wataalamu ambao wagonjwa wao hupona mara kwa mara na wako ambao wagonjwa wao hawaponi. Ungetarajia uzoefu ndio utofautishe. Mwaka 2016 Simon Goldberg na wenzake walifuatilia wataalamu 170 na wagonjwa wao 6,591 kwa miaka kadhaa, wakakuta kwamba kwa wastani matokeo ya mtaalamu hayakupanda jinsi alivyozidi kukaa kazini, bali yalishuka kidogo sana. Mvi, basi, si ushahidi. Kinachoelekea kutofautisha ni namna mtu anavyojibu mazungumzo yanapokuwa magumu. Timothy Anderson wa Chuo Kikuu cha Ohio aliwaonyesha wataalamu vipande vifupi vya video vya wagonjwa wasumbufu, wa aina ya yule anayefoka au kujifungia kimya, kisha akawataka wajibu papo hapo kana kwamba mgonjwa yuko mbele yao. Waliojibu kwa utulivu, kwa maneno yaliyonyooka na kwa kuonyesha kwamba wamemsikia mtu, bila kujihami, ndio ambao wagonjwa wao halisi walikuwa wamepata nafuu zaidi.

Hapa shangazi anaweza kuinua mkono tena: kama si shahada wala mvi, kwa nini asiwe mzee wa baraza? Hoja hii imejaribiwa, na imejaribiwa karibu na kwetu. Watafiti wa vyuo vikuu vya Johns Hopkins na Columbia walikwenda wilaya za Rakai na Masaka, Uganda, na kabla ya kutibu walianza kwa kuwauliza wenyeji ni shida zipi zinawasumbua na wanaziitaje. Wakakutana na maneno mawili ya Kiganda, okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, kujihurumia, ambayo kwa pamoja yalibeba sehemu kubwa ya kile kitabuni kinachoitwa sonona. Vijiji 30 viligawanywa kwa nasibu. Katika vile vya tiba, vikundi vilikutana kwa dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji ambao hawakuwa wataalamu wa afya ya akili bali walifundishwa na kusimamiwa kwa kazi hiyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba waliokuwa na sonona kali walipungua kutoka asilimia 86 hadi 6.5, na katika vijiji vilivyolinganishwa, kutoka asilimia 94 hadi 54.7. Zingatia namba hiyo ya mwisho: kwa wengi muda nao ulifanya kazi yake, kama Eysenck alivyosema, ila haukufika mbali kiasi hicho.

Huko Harare, Dixon Chibanda wa Chuo Kikuu cha Zimbabwe aliwaweka akina mama watu wazima, wahudumu wa afya wa jamii, kwenye mabenchi nje ya zahanati, wakawa wanawasaidia wagonjwa wa kufungisisa. (Kufunga kwa Kishona ni kufikiri, haihusiani na mlango, kufungisisa ni kufikiri kupita kiasi, hadi mawazo yakawa ndiyo ugonjwa.) Katika jaribio lao la mwaka 2016, lililohusu watu 573, baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona katika kundi la mabenchi walikuwa asilimia 13.7, na katika kundi la huduma za kawaida asilimia 49.9. Mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha za tiba, wanawake waliokuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono walitibiwa katika vikundi na wasaidizi wasio na shahada. Kundi la kulinganishwa nalo halikuachwa hivi hivi, lilipata mtu wa kuwasikiliza na kuwafariji. Miezi sita baada ya tiba, wenye dalili nzito za wasiwasi na sonona walikuwa wameshuka kutoka asilimia 60 hadi 9 katika kundi la tiba, na kutoka asilimia 83 hadi 42 katika lile la faraja. Makundi hayo hayakuanza sawa, jambo linalotaka tahadhari, lakini umbali uliobaki kati yao unaonyesha kile ninachotaka shangazi akione: kufariji kunasaidia, na kazi iliyopangwa juu ya kufariji inasaidia zaidi. Yule mama wa benchini ana umri wa shangazi na lugha ya shangazi, ila ameongezewa hatua za kufuata na msimamizi anayemuuliza kila mara mgonjwa wako anaendeleaje. Na baraza zetu, tuseme kweli, mara nyingi huishia kwenye "jikaze" na "kazi ya Mungu haina makosa", maneno ambayo humnyamazisha mfiwa kabla hajasimulia.

Matokeo ya kwetu hayakuwa asali tupu. Jaribio lililofanyika Moshi na Bungoma, lililochapishwa mwaka 2020, liliwahusu watoto 640 waliofiwa na wazazi; nusu yao walitibiwa na washauri wa kawaida waliopewa mafunzo, na nusu waliendelea na huduma za kawaida. Mwisho wa tiba, tofauti ilionekana katika maeneo matatu kati ya manne ya jaribio. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa imebaki Kenya, huku Tanzania hali ya watoto wa makundi yote mawili ikiwa imekaribiana. Na katika Kaunti ya Nakuru, wachumi walipotoa tiba fupi ya wiki tano kwa wanakijiji ambao hawakuchaguliwa kwa sababu ya kuumwa, kisha wakailinganisha na kuwapa watu fedha taslimu, baada ya mwaka tiba haikuonyesha mabadiliko yanayopimika, na fedha zilionyesha. Nionavyo mimi, mazungumzo humfaa mwenye shida ya kuzungumziwa. Aliyekosa unga apewe unga.

Nirudi kwako. Safari tatu ni chache mno kwa hukumu. Kenneth Howard na wenzake walionyesha mwaka 1986 kwamba takriban nusu ya wagonjwa huwa wameonyesha nafuu kufikia kikao cha 8, na robo tatu kufikia kikao cha 26. Lakini kusubiri bila kupima nako ni kosa. Michael Lambert wa Chuo Kikuu cha Brigham Young aliwataka wagonjwa wajaze dodoso fupi kabla ya kila kikao na mtaalamu apewe majibu yake, na katika majaribio yake wale waliokuwa wakielekea kuharibikiwa walipata unafuu zaidi pale mtaalamu alipoonywa mapema. Ilionekana pia kwamba bila dodoso wataalamu wengi hawawatambui wagonjwa hao, ambao ni asilimia 5 hadi 10 ya wanaotibiwa. Wao huishia kuhisi tu kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Dodoso la sonona linalotumika sana hapa kwetu lina maswali tisa, na tafsiri yake ya Kiswahili ipo. Kila swali linahusu wiki mbili zilizopita: kukosa hamu, usingizi, uchovu, kushindwa kutuliza akili kwenye jambo kama kusoma, na mengineyo. Unachagua kati ya hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, au karibu kila siku, kuanzia 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Mwombe mtaalamu wako mlijaze sasa, na pembeni mwandike mambo mawili ya kwako ambayo dodoso halina: ni usiku mangapi umelala, na umefika umbali gani kwenye ile barabara. Mlijaze tena kwenye kikao cha 6 au cha 8. Swali la tisa la dodoso linauliza kama umewaza kwamba ni heri ungekufa au ujidhuru; jibu lake likiwa lolote isipokuwa hapana, usisubiri miadi, mwambie mtu siku hiyohiyo na mwende hospitali.

Wiki ijayo, kabla hajakupa kazi nyingine, mweleze kwamba hujaelewa daftari linakupeleka wapi, na umuulize yeye anadhani mnatafuta nini. Akikufafanulia ukaona mantiki, au akakubali kubadilisha kazi ili iguse kinachokusumbua, kamilisha vikao vinane kabla ya kuamua. Akiudhika, au akakujibu kwamba yeye ndiye mtaalamu, huna haja ya kusubiri cha nane. Na hata ukibadilisha mtaalamu, shangazi asiachwe nje: mwombe akusindikize siku ya kwanza utakayojaribu kupita barabara ile.